Mkoromo, makofi na mkanda mweupe: Goju-ryu inafundisha nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu Idrisa yuko kidato cha pili na amejiunga na dojo (ukumbi wa mazoezi) la Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, hapa Tanga. Huu mwezi wa nne bado ana mkanda mweupe, wakati rafiki yake wa dojo jingine keshapata wa kijani. Nilikwenda kumtazama. Nikakuta wanatembea polepole mno, wanapumua kwa mkoromo, na mwalimu anawapitia akiwapiga makofi mabegani. Mwisho wakapiga magoti na kuinamia picha za wazee wawili wa Kijapani, kisha wakadeki ukumbi. Ngumi za maana sikuziziona. Hii karate imetoka wapi, inafundisha nini hasa, kuinamia picha si shirki, na je, nimwache aendelee? Mama Idrisa, Tanga.

Jibu: Marahaba, Mama Idrisa. Naanza na kilichokushtua zaidi, ule mkoromo na yale makofi, kwa sababu hapo ndipo Goju-ryu ilipo. Ukilielewa hilo, mengine hayatakusumbua.

Ulichokiona kinaitwa Sanchin. Ni kata, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa ambao mwanafunzi anaurudia vilevile miaka nenda miaka rudi. Ukiitazama juujuu, Sanchin ni kata maskini kuliko zote: hatua tatu mbele, kugeuka, hatua chache tena, ngumi moja moja isiyo na haraka, mikono inazunguka, imekwisha. Haina teke hata moja. Kijana aliyeingia dojo kwa ajili ya kuruka na kuvunja matofali anaiona kama adhabu, na wengi huacha hapohapo.

Mwambie Idrisa akuonyeshe nyumbani, nawe umtazame kuanzia chini. Vidole vya miguu vinaishika sakafu. Mguu unaosogea hauendi kwa mstari. Unapinda kuingia ndani karibu na mwenzake, kisha unatoka nje na kutua mahali ambapo kisigino chake kiko sawa na vidole vya mguu wa nyuma. Magoti yamekunjwa kidogo na yanatazama ndani. Nyonga imevutwa chini na mbele mpaka mgongo wa chini unyooke. Mabega yameshushwa, kwapa zimebanwa, viwiko viko umbali wa ngumi moja tu na mbavu. Halafu inakuja pumzi: inaingia kwa pua, inashushwa hadi chini ya kitovu, inatoka kwa mdomo taratibu pamoja na ngumi, na mwishoni inakatwa kwa mkupuo mfupi. Mkoromo uliousikia ni hewa inayosukumwa na tumbo lililokazwa.

Yote hayo anatakiwa ayafanye kwa wakati mmoja. Ndiyo maana anakwenda polepole. Mtu anayekwenda haraka anaweza kuficha bega lililopanda au kisigino kilichoachia sakafu, lakini kwa mwendo ule kila kasoro iko wazi. Jina la Sanchin lina maana ya mapambano matatu, na walimu wengi huyataja kuwa ni ya akili, mwili na pumzi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba adui wa kwanza ni hamu ya kumaliza.

Makofi nayo yana jina, shime, na kazi yake ni kukagua. Mwalimu anagusa bega kuona kama limeshuka, anagonga misuli ya mgongo chini ya kwapa kuona kama imekaza, anasukuma nyonga kuona kama mwanafunzi anayumba, anapiga paja kwa kiganja. Pia anampima kama akili inaruka kila anapoguswa. Kwa mwanafunzi wa miezi minne mguso huo unatakiwa uwe mwepesi, wa kumwonyesha tu wapi alegeze na wapi akaze. Kwa mkongwe wa miaka mingi unakuwa mzito, na kofi linasikika hadi barabarani. Umewahi pengine kuona video za watu wanaovunjiwa mbao mgongoni wakiwa kwenye Sanchin. Hayo kwangu ni maonyesho ya kuvutia watazamaji, na sijaona faida yake katika mafunzo. Idrisa akirudi na alama nyekundu iliyopotea kabla ya usingizi, usijali. Akirudi na uvimbe au michubuko, nenda kamuulize mwalimu, na usione haya.

Sasa asili yake. Watu husema karate ni ya Japani, na leo ni kweli, ila kwao hasa ni Okinawa, visiwa vilivyoko kusini kabisa, katikati ya Japani na Taiwan. Okinawa ilikuwa ufalme wake, Ryukyu, wenye mfalme wake na lugha yake. Mwaka 1609 ulivamiwa na watawala wa Satsuma kutoka kusini mwa Japani, ukawa unalipa kodi huko huku ukiendelea kupeleka mabalozi na biashara China. Mwaka 1879 serikali ya Japani iliufuta kabisa ufalme huo ikaufanya mkoa. Miaka yote hiyo merikebu zilikuwa zikivuka kutoka bandari ya Naha hadi Fuzhou, katika jimbo la Fujian, ambako Waryukyu walikuwa na nyumba yao ya kufikia. Zilikwenda na kurudi na hariri, dawa, vitabu, na mbinu za kupigana.

Hapa nikatize hadithi moja inayopendwa sana: kwamba karate ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha, wakawa wanajifunza usiku kuwapiga makabaila. Ni hadithi tamu, ila walimu wa zamani tunaowajua kwa majina walitoka zaidi katika familia zenye cheo, hata kama wengine walikuwa wamefukarika. Mkulima aliyeshinda shambani tangu alfajiri hakuwa na muda wa kukaa miaka kumi kwenye kata moja.

Mmoja wa hao waliofukarika alikuwa Higaonna Kanryo, aliyezaliwa Naha mwaka 1853. Familia yake ilikuwa na cheo cha chini na iliishi kwa kusafirisha kuni kwa mashua. Akiwa kijana alivuka hadi Fuzhou akajifunza kwa mwalimu ambaye Waokinawa wanamkumbuka kwa jina la Ryu Ryu Ko. Huyo alikuwa nani hasa kwa majina ya Kichina, wanahistoria wanabishana hadi leo. Kisichobishaniwa ni kwamba mitindo ya Fujian, hasa ile ya korongo mweupe, ina kata inayofanana sana na Sanchin, jina na mwili. Higaonna alirudi Naha akaendelea na kazi za kawaida na kufundisha watu wachache. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mpya alikaa kwenye Sanchin miaka mitatu au zaidi kabla ya kuonyeshwa kitu kingine. Kwa hiyo miezi minne ya Idrisa, Mama, kwa kipimo cha mzee huyu ni salamu tu za mlangoni.

Mwanafunzi wake aliyeacha alama kubwa ni Miyagi Chojun, aliyezaliwa Naha mwaka 1888. Huyu alikuwa kinyume na mwalimu wake kwa mali: aliingizwa katika tawi tajiri la familia lililofanya biashara ya dawa, kwa hiyo alikuwa na fedha na nafasi ya kufanya mazoezi maisha yake yote. Alipelekwa kwa Higaonna mwaka 1902, akiwa na miaka 14, akabaki naye hadi mzee alipofariki mwaka 1915. Mwaka huohuo akasafiri mwenyewe hadi Fuzhou kutafuta chimbuko la aliyofundishwa.

Miyagi ndiye aliyeipanga Goju-ryu kama ilivyo leo. Alichukua Sanchin ya mwalimu wake, ambayo awali ilifanywa kwa viganja vilivyofunguliwa na baadaye ikafanywa kwa ngumi. Akatunga na toleo lisilo na kugeuka, mtu anakwenda mbele na kurudi kinyumenyume. Kisha akaunda kata nyingine ya pumzi, Tensho, ambayo miguu ni ileile ya Sanchin ila mikono inazunguka kwa ulaini, viganja wazi, vifundo vya mikono vikipinda na kukunjuka. Ukiziona Sanchin na Tensho zikifuatana utaelewa jina la mtindo bila kuelezwa. "Go" ni ugumu, "ju" ni ulaini.

Jina lenyewe lilipatikana kwa dharura. Mwaka 1930 mwanafunzi wake mkuu, Shinzato Jin'an, alionyesha kata Tokyo kwenye hafla ya sanaa za mapigano. Akaulizwa na mwalimu wa mtindo mwingine: wewe unatoka shule gani? Okinawa hawakuwa na mazoea ya majina ya shule. Ulisema tu umefundishwa na fulani, au "te" (yaani mkono) ya mji wa Naha, au ya mji wa Shuri. Shinzato akajibu alivyoweza, akarudi akamsimulia mwalimu wake. Miyagi akachagua maneno kutoka katika Bubishi, kitabu cha Kichina kilichokuwa kikinakiliwa kwa mkono miongoni mwa walimu wa Okinawa. Humo mna shairi fupi lenye mstari unaosema kwamba kumeza na kutema pumzi ni ugumu na ulaini. Mwaka 1933 jina likaandikishwa kwenye Dai Nippon Butoku Kai, chombo kilichosimamia sanaa za mapigano nchini Japani. Goju-ryu ikawa miongoni mwa mitindo ya kwanza ya karate kutambuliwa huko kwa jina.

Vita viliharibu karibu kila kitu. Mapigano ya Okinawa, kuanzia Aprili hadi Juni 1945, yaliua zaidi ya watu 200,000, sehemu kubwa wakiwa raia. Shinzato, aliyetarajiwa kuwa mrithi, aliuawa mwaka huo. Miyagi alipoteza watoto na wanafunzi. Alianza upya kwa kufundisha polisi na vijana wachache uani kwake Naha, akafariki mwaka 1953 bila kumtangaza mrithi mmoja mbele ya watu wote. Ndiyo sababu leo Goju-ryu ina matawi mengi, na kila tawi linakuambia ndilo lililopokea urithi wenyewe: Jundokan ya Miyazato Eiichi, Meibukan ya Yagi Meitoku, Shoreikan ya Toguchi Seikichi, shirikisho la IOGKF lililoasisiwa na Higaonna Morio mwaka 1979, na Goju-kai ya Yamaguchi Gogen huko Japani bara. Kwa mtoto wa kidato cha pili tofauti zao ni ndogo mno. Usipoteze usingizi.

Kwetu Tanzania mtindo huu si mgeni. Ulianza kushika mizizi Dar es Salaam miaka ya 1970 kupitia Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyekuja kufundisha, na wakongwe wengi wa karate nchini wanalitaja dojo la Zanaki kama shule yao ya kwanza. Kwa hiyo mwalimu wa Idrisa huenda yuko kizazi cha tatu au cha nne kutoka hapo.

Picha mbili ulizoziona ukutani, bila shaka, ni za Higaonna Kanryo na Miyagi Chojun. Na hapa naingia kwenye swali lako la shirki.

Mimi si shehe, Mama, na hukumu ya dini iulizie kwa wenye elimu yake. Ninachoweza ni kukueleza kitendo chenyewe ni nini, ili ukienda kuuliza uulize kwa usahihi. Mwisho wa mazoezi mwanafunzi mkuu anatoa amri tatu: kuinama kuelekea mbele ya ukumbi, kuinama kwa mwalimu, kuinamiana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna dua inayosomwa kwa marehemu, hakuna kinachoombwa, hakuna sadaka. Ni adabu ya Kijapani: ndivyo wanavyosalimiana dukani, shuleni na kwenye mkutano wa kampuni. Hata hivyo swali lako si la kipuuzi. Japani kwenyewe yako madojo yenye rafu ndogo ya dini ya Shinto ukutani, na Yamaguchi Gogen niliyemtaja alikuwa mtu wa ibada za Shinto hasa. Dojo lenye kitu cha namna hiyo ningekushauri uulize maswali zaidi.

Njia ya kutoka ipo na imetumika duniani kote. Misri na Iran ni nchi zenye nguvu kubwa katika karate. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Feryal Abdelaziz wa Misri alichukua dhahabu ya wanawake wa uzito wa juu akiwa na hijabu. Madojo mengi yenye Waislamu yanamruhusu mwanafunzi abaki amenyooka na kuweka mkono kifuani, au kutikisa kichwa tu, na mengine yameziondoa picha mbele na kuzitundika pembeni. Nenda kwa mwalimu, mwambie jambo hili linakukera kwa imani yako. Akikubali bila kununa, umempata mtu mwenye akili. Akisema ama mtoto asujudu ama aondoke, basi mwondoe. Miyagi hakuwahi kuweka sharti la dini juu ya ngumi.

Kuhusu kudeki: hiyo ni desturi ya Kijapani ya watu kusafisha mahali walipofanyia kazi. Watoto wa shule za huko hufagia madarasa yao wenyewe. Kipimo changu cha dojo kiko hapo. Usiangalie kama mikanda myeupe wanadeki, angalia kama mikanda myeusi nao wanashika tambara. Mahali ambapo wakubwa wanakaa kwenye viti wakionyesha vidole, wanafundisha ubwana.

Ngumi za maana zitakuja. Kata ya kwanza ya kupigana atakayofundishwa ni Gekisai. Miyagi aliitunga mwaka 1940 hivi ili kuwapa vijana na wanafunzi wa shule kitu wanachoweza kukishika upesi, maana kata za zamani ni nzito kwa anayeanza. Ndani ya Gekisai mna kuzuia juu, ngumi, kuzuia chini, teke la mbele, kiwiko, kisha mgongo wa ngumi usoni, vyote kwa mfuatano wa karibu, halafu kumfagia mtu mguu. Tazama umbali wake: kiwiko hakifiki ila mtu awe kifuani kwako. Huo ndio ugomvi Goju-ryu inaoujua, ule wa kushikana. Kata zinazofuata, Saifa, Seiyunchin, Shisochin na nyingine hadi Suparinpei, zimejaa kujinasua mkono ulioshikwa, kupindisha viungo, kukaba na kubwaga chini. Ukijumlisha Sanchin, Tensho na Gekisai mbili, kwa kawaida zinahesabiwa 12. Ni chache ukilinganisha na mitindo mingine, na wazee walijua chache zaidi. Miyagi alikuwa akimpa kila mwanafunzi Sanchin na kata moja au mbili zinazolingana na mwili wake.

Kata peke yake ni maiti bila mwenzio wa kufanya naye. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kakie: wawili wanasimama wakitazamana, vifundo vya mikono vimegusana, wanasukumana na kupokeana mbele na nyuma bila kuachana. Mwanzoni ni mabavu matupu. Baada ya muda mkono unaanza kusikia: mwenzio akikaza unajua anataka kusukuma, akilegea ghafla unajua anataka kuvuta, na ukiwa umejenga Sanchin humyumbii. Hapo ndipo kijana anapogundua kwa mwili wake kwa nini aliteswa na zile hatua tatu. Mwalimu asiyefika kwenye kakie anamwachia mwanafunzi nusu ya elimu.

Kuna pia vifaa vya kujenga mwili, na Okinawa utavikuta hata kwenye dojo dogo la nyumbani. Chishi ni jiwe au zege lenye mpini, unalizungusha kwa mkono mmoja ili kifundo na bega vikomae. Kuna mitungi ya udongo inayoshikwa kwa ncha za vidole mdomoni mwake na kubebwa katika hatua za Sanchin, ikiongezwa mchanga kadiri vidole vinavyopata nguvu. Kuna makiwara, ubao uliosimikwa wa kupiga ngumi. Kuna kongoken, duara refu la chuma ambalo Miyagi alilichukua kutoka kwa wanamieleka wa Hawaii, alikoalikwa kufundisha mwaka 1934. Naipenda habari hiyo ya mwisho kwa sababu inawaumbua wanaodhani mapokeo ni kutogusa kitu. Mzee aliona chombo kizuri kwa wageni akakibeba nyumbani.

Ila kwa umri wa Idrisa nina onyo. Mifupa yake bado inakua. Asipige makiwara kwa nguvu, asifanye pushapu za vifundo vya ngumi juu ya sakafu ya saruji, na chishi awe na jepesi. Hakuna tuzo ya kuwa na vidole vilivyopinda ukiwa na miaka 20.

Nije kwenye mkanda, ambao nadhani ndio unaomuuma Idrisa kuliko unavyokuuma wewe. Mikanda ya rangi si kitu cha kale. Mfumo wa madaraja ulitoka kwenye judo ya muasisi wake Kano Jigoro, na karate iliuazima: Funakoshi Gichin, mwalimu wa karate kutoka Okinawa, ndiye aliyetoa dan (madaraja ya mkanda mweusi) za kwanza za karate, mwaka 1924. Hata lile vazi jeupe limetoka judo. Higaonna hakujua mkanda wa kijani ni nini. Miyagi, pamoja na sifa zote alizokuwa nazo, hakumpa mwanafunzi wake hata mmoja dan maisha yake yote. Waliofuata wakajipanga wenyewe baada ya kifo chake. Kwa hiyo rafiki yake Idrisa kupata kijani kwa miezi minne hakusemi lolote kuhusu kupigana kwake. Kunasema tu kwamba dojo lake linafanya mitihani mara nyingi, na kila mtihani una ada. Siwalaumu walimu wote wanaofanya hivyo. Ukumbi unalipiwa, na mtoto anahitaji kuona anasonga. Lakini ukiona mkanda kila baada ya wiki nane na risiti kila mara, jua unanunua kitambaa.

Umeuliza inafundisha nini hasa. Madojo mengi yana kanuni zinazosomwa kwa pamoja mwisho wa mazoezi: heshima, unyenyekevu, subira, kujituma. Maneno yanatofautiana dojo kwa dojo na kila mtu anaweza kuyakariri. Miyagi ana kauli inayonasibishwa naye ambayo naiona ina uzito kuliko orodha hizo: usipigwe na watu, usipige watu, msingi ni kusiwe na tukio. Nusu ya kwanza inadai uwe na uwezo, ya pili inadai uuzuie, ya tatu inadai uone ugomvi unakuja ukaondoke mapema. Kijana aliyezoea kukaa kimya ndani ya Sanchin huku mtu anampiga kofi begani amefanya mazoezi ya jambo hilohilo, la kuguswa bila kulipuka. Shuleni atatukanwa. Tutaona.

Lakini sitakudanganya kwamba karate inamfanya mtu awe mwema. Nimewafahamu wenye mikanda myeusi walio wakorofi kupindukia, na mafunzo hayakuwabadilisha. Tabia inaambukizwa na mwalimu na wakubwa wa dojo. Utaiona wakati wa kumite, pambano la mazoezi, pale mkubwa anapokutana na mdogo aliyechoka. Je, anapunguza nguvu na kumrekebisha, au anajifurahisha? Kaa hadi mwisho siku ya kumite na umtazame huyo mkubwa. Idrisa unamjua tayari.

Na usitegemee kwamba sasa anaweza kujitetea kwa vibaka. Hawezi. Mwambie wazi kwamba simu ikidaiwa kwa kisu anaitoa, na miguu yake ni silaha nzuri kwa kukimbilia.

Jambo moja la afya: kukaza mwili huku pumzi imebanwa kunapandisha shinikizo la damu. Sanchin iliyofundishwa vizuri haizuii pumzi kooni na haimfanyi mtu awe mwekundu usoni na mishipa ya shingo ikatutumka. Ukiona hivyo kwa Idrisa, anakosea na aambiwe alegeze. Wewe nawe ukitamani kujaribu, na wazazi wengi huishia humo, kama una presha muone daktari kwanza, kisha uanzie kwenye Tensho kwa ulaini.

Kwa maoni yangu mwache aendelee hadi mwisho wa mwaka wa shule. Ulichokieleza, Sanchin ya polepole, mguso wa mwalimu, mkanda usioharakishwa na ukumbi unaodekiwa, ni dalili za dojo linalofundisha Goju-ryu yenyewe. Siku ukienda kuzungumzia suala la kuinama, muulize mwalimu na mambo mawili zaidi: yeye alifundishwa na nani, na Idrisa ataanza kakie lini. La kwanza anatakiwa alijibu kwa jina la mtu. La pili, kama anaijua kazi yake, atawaita vijana wawili wakuonyeshe hapohapo.